Betri Iliyokufa Nyumbani Tu

Kwanza funga boneti. Naam, ifunge. Najua mwenye gari amekwambia betri inakufa usiku, na mkono wako umeshashika spana namba kumi. Iweke chini. Mketishe mwenye gari, mpe chai ikiwezekana, halafu umuulize maswali, kwa sababu mtu aliyesimama kando ya gari bovu hujibu haraka haraka ili aondoke. Mimi nilifanya kazi ya waya za magari hapa Garissa mpaka macho yangu yakaanza kuuona waya wa kijani kuwa wa buluu, ndipo nikajiondoa kabla sijamchomea mtu gari. Sasa nakaa nyumbani, na nyinyi vijana wa gereji mnakuja kuniuliza mambo mkiwa mmeshakwama. Basi leo nitawaambia kabla hamjakwama. Betri haifi yenyewe usiku, kuna anayeila.

Kazi nilifunzwa na Mzee Kilonzo, Mkamba aliyefika mji huu akiwa kijana na akazeekea hapa hapa. Nyumbani nilinyonya Kisomali. Kiswahili nilikipata gereji kwake, pamoja na koleo na makofi ya hapa na pale. Kwa hiyo mkiona ngeli zangu zinayumba, mlaumuni yeye. Ametangulia mbele ya haki, hatawajibu.

Mzee Kilonzo hakuwa na mita. Alikuwa na balbu ya taa ya breki aliyoichomelea waya mbili, akiiita tesa, na hiyo ndiyo iliyokuwa hospitali yake yote. Unafungua waya wa hasi kwenye betri, kisha unaiweka balbu katikati, mguu mmoja kwenye betri na mguu wa pili kwenye ule waya uliofungua. Gari limezimwa, milango imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwako. Balbu isipowaka, hakuna anayekula. Ikiwaka, kuna mwizi ndani, na ukali wa mwanga unakwambia tumbo lake ni kubwa kiasi gani. Hapo unachomoa fyuzi moja, unatazama balbu, unairudisha, unachomoa nyingine. Ile ambayo ukiichomoa balbu inazima ndiyo njia anayopita mwizi, nawe unaifuata mpaka umkute, awe ni taa ya kisanduku cha mbele isiyozimika, au king'ora, au waya uliochubuka na kugusa bodi ya gari.

Nyinyi mna mita, na mita ni bora, sibishani. Lakini magari nayo yamekuwa mambo mengine. Yana kompyuta ambazo hazilali mara tu unapofunga mlango. Ukipima papo hapo utaona moto mwingi, yaani umeme, unakwenda, utaruka ukisema umemshika mwizi, kumbe ni kompyuta inajinyoosha tu kabla ya kulala. Subiri. Nenda kaswali, rudi. Kitasa cha mlango kibane kwa bisibisi ili gari liamini limefungwa hata kama mlango uko wazi na wewe umelala chini ya dashibodi ukitafuta fyuzi. Na mita ikiwa imekaa pale katikati, mtu asithubutu kuwasha gari. Nimezika mita nzuri kwa sababu ya wenye magari waliotaka "kusikia kidogo tu kama inashika." Gari lililolala vizuri linakula miliampea hamsini hivi au pungufu. Likizidi hapo sana, anza kazi.

Tena kabla hujamtafuta mwizi, hakikisha kuna mali ya kuibiwa. Jua letu linaua betri mapema kuliko jua la Nairobi. Maji yake yanakauka, na watu wanajaza chochote walicho nacho. Bwana mmoja aliniletea betri aliyoijaza maji ya kisima cha Wajir, yale yenye chumvi. Nikamwambia, mzee, umeiua. Akanitazama kwa mshangao akasema, "Lakini ngamia wanakunywa hayo hayo na wananenepa." Na vumbi pia: vumbi likichanganyika na asidi juu ya mgongo wa betri, moto unatembea hapo polepole kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Futa kwa maji ya magadi, kausha, ndipo upime. Alteneta nayo, ile mashine ya kuchaji betri, ishike kwa mkono alfajiri kabla gari halijawashwa. Ikiwa na joto wakati gari lote ni baridi, huyo ndiye anayekula. Lakini iwe alfajiri kweli. Saa sita mchana hapa kwetu hata jiwe lina joto.

Hayo yote niliyajua vizuri Mama Saadia aliponiletea pikapu yake, na hayakunisaidia hata kidogo.

Mama Saadia alikuwa mfanyabiashara wa maziwa ya ngamia. Kila alfajiri, baada ya swala, pikapu yake ya dizeli ilitoka mjini kwenda njia ya Habaswein, ikawachukua njiani wanawake waliokuwa wakisubiri na mitungi yao, ikarudi kabla maziwa hayajapata jua kali. Dereva wake aliitwa Issack, kijana mpole, mrefu, mwenye tabia ya kusikiliza injini kwa kuinamisha kichwa. Gari lilikuwa la mama, lakini lililala nyumbani kwa Issack ili asipoteze muda alfajiri.

"Fundi, hii gari inanimaliza," aliniambia Mama Saadia, na hakukubali kukaa wala kunywa chai. "Asubuhi inasema tik, inanyamaza. Siyo kila siku, lakini siku nyingi. Wamama wangu wako kwa barabara na maziwa, jua inapanda, hakuna gari. Jana wamemwaga. Unajua mtu akimwaga maziwa moyo yake inakuwa aje?"

Nilijua. Kwetu maziwa hayamwagwi hivi hivi. Hata mtoto akiyamwaga kwa bahati mbaya, watu hunyamaza kidogo kabla ya kumgombeza.

Nikalifanyia kazi gari lile kwa roho moja. Betri haikuwa mpya, lakini ilikuwa na nguvu za kutosha. Alteneta safi. Nikaweka mita, nikasubiri, nikachomoa fyuzi zote. Hakuna kitu. Niliona kwamba redio ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwenye betri, pamoja na amplifaya na spika kubwa nyuma ya kiti, kazi ya kijana aliyekuwa na gari hilo kabla ya Mama Saadia. Wengi hufanya hivyo ili wasikilize redio bila ufunguo. Nikaipima na yenyewe: ikiwa imezimwa, haikula chochote. Nikaiacha, maana Issack aliipenda akiwa anasubiri maziwa barabarani.

Nikalilaza gari gereji. Asubuhi likawaka kwa mguso wa kwanza. Nikalilaza tena, likawaka tena. Nikampigia Mama Saadia nikamwambia kwa fahari kabisa kwamba gari lake ni zima.

Vijana, hapa mtulie kidogo. Kipimo changu kilikuwa sahihi. Lakini niliposema gari ni zima, yeye alisikia kwamba dereva ndiye mbovu.

"Kwako inaamka," alisema alipokuja kulichukua. "Kwake inakufa. Kama gari ni mzima, mgonjwa ni nani?"

Issack alikuwa amesimama pale pale, ufunguo mkononi, akitazama tairi.

Sokoni tayari kulikuwa na maneno. Walisema kijana yule analala garini na wenzake, wanatafuna miraa na kupiga muziki mpaka alfajiri, kwani zile spika ni za nini? Issack hakuwa mtu wa miraa. Lakini katika mji wetu, jina la dereva ndiyo leseni yake ya pili, na ile ya serikali unaweza kuipata tena ukiipoteza. Mwenye mali akisema "huyu simwamini na gari," hakuna mwingine atakayekupa, kutoka hapa mpaka Mandera. Mama Saadia akamwambia mbele yangu kwamba gari likikosa kuwaka mara moja zaidi kabla ya siku ya soko la mifugo, siku hiyo ufunguo urudi kwake. Ameshapata dereva mwingine.

Alipoondoka, Issack akanifuata ndani. "Abti," akaniita, yaani mjomba, ingawa hatuna undugu, "walaahi, mimi nikifika nyumbani natundika ufunguo kwa msumari, nakula, naenda Isha, nalala. Sijui gari inafanya nini usiku. Mama yangu ananitegemea mimi tu. Nikitoka hapa na hilo jina, nitaenda wapi?"

Nilimwambia aende, nitafikiri. Nilipenda sana kusema hivyo nikiwa sijui la kufanya, kwa sababu unaonekana mwenye hekima na unapata muda.

Nikamkumbuka Mzee Kilonzo na lori la Rhamu. Zamani, lori moja la kubeba vitunguu lilikuwa likikosa kuwaka kila likilala Rhamu, huko Mandera kwenye mashamba ya mto Daua. Likilala kwingine kokote, zima. Mafundi walibadilisha betri, wakabadilisha alteneta, wakamlaumu dereva. Mzee Kilonzo hakufungua boneti. Alipanda lori hilo hilo akaenda nalo Rhamu, akakaa na watu, akala chakula chao. Ndipo akaona mwenye shamba la jirani akija na balbu na waya mrefu, akabana kwenye betri ya lori kwa upole kabisa, ili taa iwake shambani na wanyama wasile mimea yake. Alfajiri aliitoa kwa upole ule ule. Hakuona amemwibia mtu, maana lori lilikuwa limelala tu halifanyi kazi. Mzee alikuwa akitusimulia hayo na kumalizia, "Ukimkosa mwizi ndani ya gari, nenda ukaone gari linalala wapi na nani."

Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi mpaka nikaichoka, na siku niliyoihitaji nilikaribia kuisahau.

Basi nikajialika chai nyumbani kwa Issack. Walikaa kwenye bulla, yaani mtaa, ya pembeni mwa mji, nyumba ya mabati, ua wa miiba, na gari likiegeshwa ndani ya ua karibu na lango. Mama yake, ambaye nitamwita Hooyo, yaani mama, kama nilivyomwita siku ile, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kifua kibaya. Akisema maneno machache, alipumzika kabla ya mengine. Alinipa chai yenye iliki nyingi na maziwa mengi, akanilalamikia kwamba nimekonda, jambo ambalo si kweli. Tulizungumza Kisomali, nawaandikia kwa Kiswahili.

Wakati wa Isha, Issack akaenda msikitini. Mimi goti langu lilikuwa limekataa kutembea, nikatandikiwa mkeka uani. Nikaswali. Nilipotoa salamu upande wa kulia, palikuwa kimya. Nilipogeuza uso upande wa kushoto, nikasikia Qurani ikisomwa, sauti ya chini sana, kama ya mtu anayesoma na hataki kumwamsha mgonjwa. Nikadhani ni msikitini. Lakini huko walikuwa bado wanaswali, na sauti hii ilitoka karibu, upande wa lango.

Nikainuka polepole. Hooyo alikuwa amesimama kando ya pikapu, mlango wa dereva wazi, kiganja chake juu ya paa la gari. Alipoiona taa ya redio imetulia, akausukuma mlango ukafungika bila kishindo.

"Hooyo," nikasema, "huwa unamwekea gari Qurani?"

Hakushtuka. "Simwekei gari," akasema. "Namwekea atakayeliendesha."

Tukakaa kwenye mkeka, akanieleza, akipumzika katikati ya maneno. Alikuwa na mwana mwingine, kaka mkubwa wa Issack, dereva wa lori. Kila alfajiri kabla hajaondoka, Hooyo alimsomea, akaweka mkono juu ya lori, ndipo likatoka. Asubuhi moja kifua kilimbana, hakuweza kuamka, na kijana hakutaka kumsumbua. Lori lilipinduka njia ya Sangailu. Hakunieleza zaidi, nami sikuuliza. Issack alipopewa gari la maziwa, Hooyo alitaka kusoma usiku kucha, lakini pumzi ilimkatika katikati ya sura. Binti wa jirani akamwekea kisomo kwenye flashi, akamwonyesha kitufe. Issack akienda Isha, yeye huwasha. Issack akienda swala ya alfajiri, yeye huzima na kuichomoa flashi. Siku ambazo kifua kilimlaza, hakuweza kutoka kuwasha, na asubuhi zilizofuata, sasa nilielewa, ndizo ambazo gari liliwaka vizuri.

"Issack hajui?"

"Atacheka. Au atalia. Sitaki vyote viwili kabla ya safari."

Kisha akasema, "Pumzi yangu haifiki alfajiri. Ya mashine inafika."

Hapo nilipaswa kusema. Nimewaambia matajiri kwamba injini zao zimekufa, nimewaambia maharusi kwamba gari halitatoka leo, na sikuwahi kutetemeka. Kwa mama yule niliogopa. Nilijua nikikosea maneno atadhani kisomo ndicho kilichomdhuru mwanawe, na wazo hilo likiingia ndani ya mtu halitoki.

"Hooyo," nikasema, "hata ya mashine haifiki. Kisomo hakina kosa. Lakini ile redio ina sanduku kubwa nyuma ya kiti, nalo linakula betri hata likisema kwa kunong'ona. Likila usiku kucha, asubuhi gari halina nguvu ya kuamka."

Akafikiri. "Kwa hiyo ni kama mimi," akasema. "Nikikesha, siwezi kuinuka."

"Ni kama wewe."

Akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia, hakuwa anacheka tena. "Zile asubuhi anazosukuma gari," akasema polepole. "Na sokoni wanasema mwanangu anatafuna miraa ndani yake." Nikainamisha kichwa. Akaendelea, "Ni mimi niliyelitia jina lake midomoni mwa watu."

Nikamwambia asiwaze, niachie mimi. Kesho nitamwambia Mama Saadia kuwa nimepata waya wa redio una shida, nimeurekebisha, mambo yameisha. Wala si uongo, waya ule ulikuwa na shida. Niliona nimepanga vizuri: kijana amesafishwa na mama hajaguswa.

Hooyo akanitazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mtu mzima aliyesema jambo la kitoto. "Issack amenieleza. Ulipomwambia Saadia gari ni zima, alisikia dereva ni mbovu," akasema. "Ukimwambia waya, atauliza nani aliuchezea. Waya hauna mama, fundi. Issack anaye."

Sikumbishia. Nilizima redio ile kwa mkono wangu mwenyewe, kwa ruhusa yake, na kabla sijaondoka nikamwona anatoa buibui jeusi lililokunjwa, la kutokea nje.

Asubuhi iliyofuata gari liliwaka. Lakini maneno hayakuwa yamezimika, na siku ya soko ilikuwa imefika. Wanawake wa maziwa walikuwa wamekaa sokoni, juu ya mkeka kivulini, na mitungi yao, Mama Saadia katikati. Dereva mpya alikuwa kando, amevaa shati safi. Issack alikuwa amerudi na maziwa, na Mama Saadia akamwambia aweke ufunguo mkekani, kwa sababu lilikuwa limegoma tena tangu onyo lake, na gari kuwaka siku moja hakumwambii kama litawaka kesho. Issack akauweka. Mimi nilikuwa nimefika kabla ya Hooyo na nilikuwa nimefungua mdomo nianze habari ya waya, nikamwona anakuja, anatembea na kusimama, anatembea na kusimama, mkono mmoja kifuani.

Wanawake wakamsogezea nafasi. Hakukaa.

"Saadia," akasema, "mwizi wa betri yako ni mimi."

Akawaeleza wote, mbele ya yule dereva mpya, mbele ya wauza miraa wa upande wa pili wa barabara. Aliwaambia habari ya mwanawe wa kwanza, na kifua, na flashi, na kitufe. Hakujitetea na hakulia. Alichoka katikati, mwanamke mmoja akampa maji, akanywa, akaendelea mpaka mwisho. Nilikuwa nimesimama na habari yangu ya waya mdomoni, nikaimeza.

Issack hakuwa anajua lolote. Alimsogelea mama yake. "Hooyo, kila usiku?"

"Kila usiku ambao Mungu alinipa miguu."

Kijana aligeuka upande wa gari, akasimama hapo akiwa ametugeuzia mgongo. Nilijua analia, na kila mtu alijua, na hakuna aliyemtazama.

Mama Saadia aliutazama ufunguo mkekani. Mwishowe akauliza, "Na sisi tunapanda hapo nyuma, sisi na maziwa, tulikuwa ndani ya hiyo kisomo ama ilikuwa ya dereva peke yake?"

"Nilianza na dereva," Hooyo akasema, "nikamalizia na mitungi."

Wanawake wakacheka, na Mama Saadia akacheka nao, macho yamemlowa. Akauokota ufunguo mkekani. Hakumpa Issack. Aliuweka kwenye kiganja cha Hooyo, akakikunja kile kiganja kwa mikono yake miwili, akasema, "Mpe wewe." Kisha akamgeukia Issack. "Nimekukosea, na nilikukosea mbele ya watu, kwa hivyo naomba msamaha mbele ya watu." Akammiminia maziwa kutoka mtungi wake mwenyewe, akampa wa kwanza, kabla ya wateja. Dereva mpya alipewa kikombe cha pili, na nadhani alikunywa kwa haraka kidogo.

Kazi yangu baada ya hapo ilikuwa ndogo. Nikaihamisha redio ya gari kwenye njia ya ufunguo, ili ufunguo ukitoka nayo ikae kimya. Msiache redio zimeungwa moja kwa moja kwenye betri, hata mwenye gari akiwabembeleza. Mwambieni anunue redio ya mfukoni. Kwa Hooyo nikachukua betri ya pikipiki iliyokuwa bado na uhai, nikaiunga na paneli ndogo ya sola, na spika moja ya kuchomeka flashi, isiyo na sanduku la kula. Jua letu linaloua betri zetu lingemlishia hiyo moja mchana, naye angeiwasha usiku kucha karibu na gari bila kugusa waya wa Mama Saadia. Nikamwonyesha kitufe. Akaniambia kitufe cha zamani kilikuwa kizuri zaidi.

Na nyinyi, mkipata gari linalowaka kwenu na kufa kwa mwenyewe, msikimbilie kusema gari ni zima. Semeni, "Hapa kwangu halijakufa; sijaona kwako." Yanaongeza maneno machache tu, lakini yana nafasi ya mtu mwingine ndani yake.

Nilipita bulla ile siku moja mchana, jua la utosini. Lango lilikuwa wazi. Mahali pa gari palikuwa patupu, alama za tairi mchangani na doa la dizeli. Ile spika ilikuwa juu ya mtungi uliopinduliwa, imeelekezwa langoni, na kisomo kilisikika mpaka barabarani. Hooyo alikuwa kwenye mkeka wake kivulini.

Nikamsalimia, kisha nikamwambia, kwa utani, "Hooyo, gari halipo."

"Najua halipo," akasema. "Ndiyo maana nimeongeza sauti."